Kimpa Vita: mwanamke aliyesema kwa jina la Mtakatifu Antoni

Tarehe 2 Julai 1706, ndani ya ufalme wa Kongo, mahali panapoitwa Evululu, umati mkubwa ulikusanyika kusikiliza hukumu. Mbele yao alisimama mama mmoja kijana, mwembamba, umri wake kama miaka 22 hivi. Mikononi alibeba mtoto mchanga wa kiume ambaye bado alinyonya. Pembeni yake alisimama baba wa mtoto. Kuni zilikuwa tayari.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Beatriz. Jina la Kikongo, Kimpa Vita. Lakini kwa muda wa karibu miaka 2 maelfu ya watu hawakumwita kwa jina moja wala lingine. Walimwita Antoni, sawa na mtakatifu mwanaume ambaye sanamu yake iko ndani ya makanisa mengi, hata huku mashariki. Alihukumiwa juu alijiita mtakatifu kwa uongo. Na kitu kilichomwangusha kilikuwa pale pale mkononi mwake: mtoto.

Wakongomani wengi wanalijua jina la Kimpa Vita. Wanamtaja kama nabii, kama mtu aliyepinga Wazungu, kama mama wa makanisa ya Waafrika. Ni kweli, yote hayo yamo. Lakini kuna jambo lingine ndani ya maisha yake ambalo halitajwi sana: namna mwanamke alivyoweza kusema mbele ya mfalme na mapadri wakati alikuwa Antoni, na namna alivyorudishwa kuwa mwanamke siku alipozaa.

Nchi iliyovunjika

Kimpa Vita alizaliwa karibu mwaka wa 1684, upande wa mlima Kibangu, ndani ya jamaa ya heshima. Leo sehemu hizo ziko kaskazini ya Angola, lakini ufalme wa Kongo ulikuwa mkubwa, nao uligusa pia nchi za mangaribi ya Kongo ya leo.

Ufalme huo ulikuwa wa Kikristo tangu zamani. Mfalme wake wa kwanza kubatizwa alibatizwa mwaka wa 1491, karibu miaka 200 kabla ya Kimpa Vita kuzaliwa. Kwa hiyo dini hii kwake haikuwa kitu cha kigeni kilicholetwa jana. Bibi na babu zake waliikuta.

Shida ilikuwa vita. Tarehe 29 Oktoba 1665, pale Ambuila, jeshi la Wareno liliwapiga Wakongo na kumuua mfalme António wa kwanza. Baada ya pale, kila jamaa ya kifalme ilitaka kiti. Vita vya ndani havikuisha. Mji mkuu, Mbanza Kongo, ambao Wareno waliuita São Salvador, uliharibiwa mwaka wa 1678 na wakaaji wakaukimbia. Majani yakaota ndani ya makanisa. Kila mkubwa akakaa juu ya mlima wake na kujiita mfalme. Na kila vita ilizaa mateka, ambao waliuzwa, wakapelekwa pwani, wakapandishwa ndani ya meli za kwenda ngambo ya bahari.

Watu wa Kivu, wa Ituri au wa Tanganyika hawana haja ya kuelezwa sana maisha ya namna ile: shamba linaachwa kabla ya mavuno, mtu anakimbilia mlimani, na habari za jamaa zinakatika njiani. Kimpa Vita alikulia humo, na hakuona amani hata mwaka mmoja.

Jembe la mama, altare ya baba

Ndani ya Kongo ya wakati ule kazi ziligawanywa wazi. Wanaume walikata miti na kufungua shamba jipya, waliwinda, walitunza michikichi na kufuma nguo za rafia. Wanawake walilima, walivuna, walipika, walilea. Mtoto alihesabiwa ndani ya ukoo wa mama yake, na mjomba alikuwa na neno zito kuliko watu wengi.

Wanawake wa jamaa kubwa walikuwa na nguvu yao. Katika vita hivyo hivyo, Ana Afonso de Leão alitawala eneo lake la Nkondo, na wakubwa wanaume walimsikiliza. Kwa hiyo mwanamke kutawala haikuwa ajabu. Kuhani mwanamke katika dini ya asili, nganga, pia haikuwa ajabu.

Kanisani, hapana. Mapadri walikuwa wanaume, wachache sana, wengi wao Wakapusini kutoka Italia. Walimu waliowasaidia, waliofundisha katekisimu na kutafsiri maungamo, walikuwa wanaume wa jamaa kubwa. Mama alileta mtoto abatizwe, alisali, alisikiliza. Maneno ya altare yalikuwa ya wengine.

Kimpa Vita alianzia upande ambao mlango ulikuwa wazi kwake. Tangu utoto alisema anaona maono. Alipokua alifundishwa kuwa nganga marinda, mtu anayetafuta sababu ya shida za watu na za kijiji. Baadaye aliiacha kazi hiyo. Aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili hazikudumu. Mwaka wa 1704, akiwa na miaka kama 20, hakuwa na bwana, hakuwa na mtoto, hakuwa na kazi ya uganga. Kwa macho ya wakati ule, na pengine ya wakati huu pia, alikuwa mwanamke asiye na mahali.

Kufa Ijumaa, kurudi Jumatatu

Hakuwa wa kwanza kusema. Mbele yake alikuwa mama mzee mmoja, Apolonia Mafuta, ambaye alihubiri kwamba Mungu amekasirika juu ya mji mkuu ulioachwa. Alionyesha jiwe lililotoka mtoni na kusema ni kichwa cha Yesu kilichoumizwa na dhambi za watu. Watu walimsikiliza. Padri Bernardo da Gallo alimchukia, lakini mfalme Pedro wa nne, aliyekaa Kibangu, hakutaka kumkamata.

Mwezi wa 8, mwaka wa 1704, Kimpa Vita aliugua sana. Alipokuwa karibu kufa, alisema, alimwona mtu amevaa kanzu ya Kikapusini. Mtu yule alikuwa Mtakatifu Antoni, na alikuja kwake ili ahubiri kwa Wakongo. Antoni aliingia kichwani mwake. Beatriz alikufa, na yule aliyeamka kitandani alikuwa Antoni.

Mtu wa Kongo aliweza kuelewa jambo hili bila shida. Kulikuwa na chama cha siri, kimpasi, ambamo waliopokelewa walihesabiwa wamekufa na kufufuka wakiwa watu wengine. Na lugha yenyewe ilisaidia. Kikongo, kama Kiswahili, hakitenganishi mwanaume na mwanamke kwa neno moja dogo. Yeye ni yeye. Mtu angeweza kusimulia habari za nabii huyu tangu asubuhi hadi jioni bila kulazimika kuamua kama anasema juu ya Beatriz au juu ya Antoni. Mapadri walioandika kwa Kiitaliano hawakuwa na nafasi hiyo. Kwao huyu alikuwa mwanamke, na basi.

Antoni mwenyewe alipendwa sana. Alikuwa mzaliwa wa Lisbon, mtakatifu wa Wareno, lakini Wakongo walimfanya wao. Walimwita Toni Malau, na mafundi walichonga sanamu zake ndogo za pembe ya ndovu, za mti, au za shaba, ambazo watu walivaa ziwalinde. Sanamu hizo zinaonyesha mwanaume wa kanzu, na mkononi amebeba mtoto. Mtoto huyo ni Yesu.

Kimpa Vita aligawa vitu vyake vyote akaenda Kibangu kwa mfalme. Walioona walisema alitembea kwa ncha za vidole kama mtu asiyegusa udongo. Alimwambia mfalme arudi Mbanza Kongo. Alimkemea padri Bernardo mbele ya wote kwamba kanisa lake halina watakatifu weusi. Padri alimhoji kwa muda mrefu, akatoka na hasira. Binti wa miaka 20 aliyeachana na mabwana wawili asingefika hata mlangoni. Antoni alifika.

Kila Ijumaa, alisema, anakufa. Jumamosi na Jumapili anakaa mbinguni na Mungu, anawaombea Wakongo. Jumatatu anarudi na maagizo.

Alichofundisha

Alifundisha kwamba Yesu alizaliwa Mbanza Kongo na kubatizwa Nsundi, na kwamba mama yake Maria alitoka tumboni mwa mtumwa wa mkubwa mmoja wa Kongo. Tuache kidogo kama ni sahihi au si sahihi. Fikiria namna lilivyoingia masikioni mwa mama aliyeona binti yake anauzwa: Mama wa Mungu alizaliwa na mtumwa mwanamke.

Alichukua sala ya Salamu Malkia na kuigeuza. Ndani yake alisema ubatizo, maungamo, ndoa, sala na matendo mema havina faida vyenyewe. Mungu anataka nia. Mapadri waliona hatari mara moja. Wao ndio waliokuwa na funguo za sakramenti. Kama Mungu anatazama nia tu, padri anabaki na kazi gani? Na mwanamke ambaye ndoa zake zilivunjika, ambaye kanisa lilimtazama kwa jicho la pembeni, anahukumiwa na nani?

Aliwaambia watu wachome minkisi, vitu vya uganga, na hata misalaba, juu vyote viligeuka kuwa uganga. Mwisho wa mwaka wa 1704 aliingia Mbanza Kongo na kukaa kati ya magofu. Watu walimfuata kwa maelfu. Mji uliokuwa mtupu miaka zaidi ya 25 ukapata tena moshi wa majiko. Alituma wajumbe sehemu nyingi, nao waliitwa Antoni wadogo.

Akina mama walikuja kwa wingi, na wengi wao na shida moja: hawakupata mtoto. Katika Kongo, mwanamke asiyezaa aliona ukoo unakatika kwake, maana ukoo ulipita kwa mama. Walimwomba Antoni awape uzazi, na walisema anawapa. Wake za wakubwa walifagia njia aliyopita. Wakubwa wenyewe walitoa mavazi yao yawe kitambaa cha meza yake.

Hapo ndipo mtego ulikuwa. Aliyewapa wengine uzazi, mwenyewe hakuruhusiwa kuzaa.

Mimba

Mtakatifu Antoni hakuwa na mke. Watu waliamini kwamba yule aliyembeba pia haguswi na mwanaume, na nabii aliwaacha waamini hivyo. Lakini pembeni yake aliishi João Barro, aliyeitwa Mtakatifu Yohane, na kati yao kulikuwa na mapendo ya kawaida ya mwanaume na mwanamke. Mapadri waliandika kwamba alipata mimba mara mbili na kuzitoa kwa dawa. Mara ya tatu mimba ilikaa.

Mwanaume nabii angeweza kuficha. João Barro mwenyewe angeweza kuendelea kuitwa Yohane miezi 9 yote, hakuna aliyetazama tumbo lake. Mwanamke hawezi. Mwanzoni mwa mwaka wa 1706, Kimpa Vita alitoka Mbanza Kongo kimya, akarudi upande wa kwao karibu na Kibangu, ili azae mbali na macho. Huko alizaa mtoto mwanaume. Alimpa jina António.

Wakati huo siasa ilikuwa imeharibika. Pedro Constantino da Silva, mkubwa wa jeshi ambaye mfalme Pedro alimtuma kuurudisha mji, aligeuka na kuunga mkono Waantoni ili ajitafutie kiti. Nabii aliyehubiri umoja wa ufalme sasa alionekana upande wa mwasi. Mfalme, aliyemvumilia karibu miaka 2, aliona sasa ni adui. Watu wake walipokuwa njiani walisikia kilio cha mtoto majanini, wakafuata sauti, wakamkuta mama, baba na mtoto. Walimkamata pamoja na João Barro, na mzee Apolonia Mafuta pia alishikwa.

Alipoulizwa juu ya mtoto hakukana kwamba ni wake. Alijibu kwamba namna alivyompata hajui, ila anajua ametoka mbinguni. Unaweza kusema ni uongo wa mtu aliyebanwa. Lakini tazama pia alivyokuwa amefungwa: akisema mtoto ana baba, Antoni anakufa. Akisema Antoni yupo, mtoto hana maelezo. Alijaribu kushika vyote viwili, na wakati ule hakuna aliyemkubalia. Mbele ya padri Bernardo, ambaye zamani alimkemea, sasa aliungama na kusema anastahili kufa.

Hukumu

Kesi ilikatwa na baraza la mfalme, si na mapadri. Lakini mapadri Bernardo da Gallo na Lorenzo da Lucca walikuwepo, na mashauri yao yalisikilizwa. Mafuta aliachiwa, juu alionekana mzee aliyechanganyikiwa. Wengine wote watatu walihukumiwa kuchomwa: Beatriz, João, na mtoto wa miezi michache.

Padri Lorenzo alishindwa kuvumilia lile la mtoto. Alienda kwa mfalme akaomba, na mtoto alisamehewa. Basi, siku ile ya 2 Julai, mama alisimama mbele ya umati, mtoto mkononi, sawa kabisa na sanamu ile ya Toni Malau ambayo wengi waliokuwepo walivaa shingoni. Mtakatifu mwanaume anabeba mtoto, watu wanapiga magoti. Mwanamke aliyebeba wa kwake, alionekana mdanganyifu.

Alitaka kusema neno, lakini kelele zilikuwa nyingi. Mtoto alitolewa mikononi mwake. Yeye na João walisukumwa motoni. Kesho yake mifupa iliyobaki ilichomwa tena, ili watu wasiichukue kama vitu vitakatifu.

Hesabu ya kalenda inaonyesha kwamba siku ile ilikuwa Ijumaa, siku ambayo kila wiki alisema anakufa.

Baada yake

Waantoni hawakuisha siku ile. Wengi walikataa kuamini kwamba amekufa. Walibaki Mbanza Kongo mpaka mwezi wa 2 mwaka wa 1709, ambapo mfalme Pedro aliuteka mji, na Pedro Constantino aliuawa. Wafuasi waliokamatwa waliuzwa, wakavuka bahari na imani yao. Mji ambao nabii aliurudishia wakaaji haukuachwa tena. Tangu 2017 Mbanza Kongo iko katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, na kuta za kanisa lake kuu la zamani bado zimesimama.

Mwaka wa 1921, upande wa Nkamba, Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya. Watu wengi wanaona kwake njia iliyofunguliwa na Kimpa Vita. Wabelgiji walimkamata, wakampeleka mbali na kwao, kule kusini-mashariki, ndani ya gereza la Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Alikaa miaka 30 kifungoni na kufa humo tarehe 12 Oktoba 1951.

Muda huo wote, nani alilinda imani? Bibi yake, Muilu Marie. Aliongoza waamini kwa siri, akiwa na watoto wa kulea na serkali ya kikoloni mlangoni. Tofauti na Kimpa Vita, hakuhitaji jina la mwanaume mtakatifu ili asikilizwe, na watoto wake hawakuwa aibu. Walikuwa heshima yake. Lakini hata yeye alisikilizwa kama bibi ya nabii na mama ya wale ambao wangeongoza. Alikufa mwaka wa 1959, na mwaka huo huo, mwezi wa 12, kanisa lilitambuliwa rasmi. Uongozi ulikwenda kwa mtoto wake mwanaume.

Tangu moto wa Evululu imepita miaka zaidi ya 300. Katika parokia na vikundi vya sala vya Bukavu, Goma, Uvira au Bunia, ni akina mama wanaojaza viti, wanaofagia, wanaoimba, wanaolisha wageni, wanaokesha na wagonjwa. Makanisa mengine yamewapa mimbari, mengine hayajawapa. Na mahali pengi binti anayepata mimba ndiye anayesimamishwa kwaya, wakati kijana aliyempa mimba anaendelea kupiga ngoma Jumapili ileile.

Mbele ya moto wa Evululu, angalau, João Barro alisimama pamoja naye.